Tumbo Limejaa, Ng'ombe Ana Njaa

Kama una ng'ombe wa maziwa nyumbani, nakuomba baada ya kipindi hiki uchukue tochi, uende bandani, usimame upande wake wa kushoto. Nyuma ya ubavu wa mwisho, chini ya uti wa mgongo, kuna mahali palipobonyea. Kunja ngumi, uikandamize hapo taratibu, kisha usubiri. Utasikia kitu kikijikusanya kutoka ndani, kinaisukuma ngumi yako nje, halafu kinalegea. Kwa ng'ombe mwenye afya jambo hilo hutokea mara moja hivi, pengine mara mbili, kila dakika, usiku na mchana, awe anakula au amelala. Hilo ndilo tumbo la kwanza. Wataalamu huliita rumeni, na maneno yangu yote ya leo yanalihusu hilo.

Nimeamua kulizungumza kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia vijiji vyote vya mlimani Kilimanjaro, Rombo mpaka Machame, hasa kiangazi kinapokaza. Mtu anakwambia: ng'ombe wangu anakula vizuri, tumbo linajaa, lakini maziwa hayapandi. Lita 4, lita 5, basi. Baada ya malalamiko hufuata hukumu: huyu si wa mbegu nzuri, auzwe, tutafute Friziani halisi. Anauzwa kweli, anakuja mwingine kwa bei ya juu, na miezi michache baadaye maziwa yako pale pale. Mimi nasema mara nyingi tunamwonea ng'ombe. Tatizo liko horini, na ili tuelewane kwa nini, tuingie kwanza ndani ya lile tumbo tuone kuna nani.

Maana kuna wakazi mle. Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya nyasi. Mwili wake hautengenezi kimeng'enya hata kimoja cha kuvunja nyuzinyuzi za jani. Katika hilo hatuzidi sisi wanadamu. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu: bakteria, protozoa na jamii ya kuvu. Katika mililita moja tu ya majimaji ya tumbo hilo, yaani kiasi cha matone 20, mna bakteria zaidi ya bilioni 10. Ndio wanaokula majani unayoyaleta. Ng'ombe anaishi kwa kile wanachokiacha, na baadaye, kama nitakavyoeleza, anawala wao wenyewe.

Anayepika mbege atanielewa upesi. Ukifunika mtungi wenye ndizi zilizochemshwa na kimea cha ulezi mahali penye joto, vijidudu vinakula sukari, povu linapanda, na kilichoingia kitamu kinatoka kikiwa kitu kingine kabisa. Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa ni mtungi wa namna hiyo, wa lita 100 mpaka 200, umejaa majani yaliyotafunwa nusunusu, joto lake ni nyuzi 39 na oksijeni karibu haimo. Humu hakitoki kileo, zinatoka asidi tatu: asetiki, propioniki na butiriki. Zinapenya ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu, nazo ndizo zinazompa ng'ombe kiasi cha asilimia 70 ya nguvu zake zote. Asetiki inakwenda kiweleni kutengeneza mafuta, ile krimu unayoiona juu ya maziwa yaliyolala. Propioniki inapita kwenye ini na kugeuzwa sukari, sukari inakwenda kiweleni na kuwa laktosi, na laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye maziwa. Kwa hiyo wingi wa maziwa katika ndoo yako unafuata wingi wa laktosi, na laktosi inafuata kazi iliyofanyika ubavuni kushoto.

Inatoka na gesi pia, nyingi mno. Methani peke yake ni lita 250 mpaka 500 kwa siku, na ng'ombe huitoa kwa mbweu. Siku mbweu zikizuilika, kwa mfano amekula lusani mbichi yenye umande akiwa na njaa, ubavu wa kushoto unatuna kama ngoma na anaweza kufa ndani ya saa chache. Hapo usingoje asubuhi, mwite mtaalamu wa mifugo.

Elimu hii haikupatikana kirahisi. Vijidudu hivi vingi hufa vikiguswa na hewa, kwa hiyo kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuviotesha maabara akavichunguza kimoja kimoja. Mmarekani Robert Hungate ndiye aliyebuni njia ya kuviotesha bila oksijeni, na mwaka 1966 akachapisha kitabu kizima juu ya rumeni na vijidudu vyake. Mwaka huo huo mwanakemia wa Finland, Artturi Virtanen, alichapisha katika jarida la Science matokeo ambayo mpaka leo nikiyafikiria nastaajabu. Alichukua ng'ombe wa maziwa akawalisha chakula kisicho na protini kabisa. Badala ya protini aliwapa yurea na chumvi za amonia, vitu vyenye nitrojeni tupu, akisaidia na wanga, sukari na nyuzinyuzi. Ng'ombe wale waliishi, wakazaa, wakatoa maziwa yenye protini kama ya ng'ombe wengine.

Ilitoka wapi protini hiyo? Ilitoka kwa bakteria. Bakteria wakipata nitrojeni na nguvu huijenga protini wao wenyewe, ndani ya miili yao, wakazaana. Kila saa baadhi yao husombwa na majimaji kutoka tumbo la kwanza, wakapita tumbo la pili na la tatu, wakafika la nne. Hilo la nne ndilo lililo kama tumbo letu, lina asidi kali na vimeng'enya. Bakteria wanafia hapo, wanameng'enywa, wanakuwa nyama na maziwa. Zaidi ya nusu ya protini anayoitumia ng'ombe wa kawaida wa kijijini inatokana na miili ya vijidudu hivyo. Tafadhali usikimbilie kuweka yurea horini kwa sababu umesikia habari za Virtanen. Yurea ikizidi kidogo inaua, tena haraka, na matumizi yake yana vipimo vya kufundishwa na mtaalamu akiwa mbele yako. Ninachotaka ukichukue ni hiki: vijidudu vina njaa yao, mbali na njaa ya ng'ombe, na wewe unalisha wote wawili.

Sasa turudi kwa yule ng'ombe wa lita 4.

Ili vijidudu vifanye kazi ya kuvunja nyuzinyuzi vinahitaji chakula chenye protini isiyopungua asilimia 7 hivi. Mabua ya mahindi baada ya mavuno yana asilimia 3, 4, kwa bahati 5. Mabingobingo, ambayo ndugu zetu wa Kenya huyaita nepia, yakikatwa yakiwa na kimo cha mita moja au pungufu yanaweza kuwa na asilimia 10 hivi. Yakiachwa yakapita kimo cha mtu, shina likawa gumu na majani ya chini yakakauka, yanashuka mpaka chini ya ile 7. Na mgomba uliokatwakatwa, ambao kiangazi ndio tegemeo la wengi huku mlimani, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 ni maji. Unasaidia kumnywesha ng'ombe. Kumlisha, hapana.

Tazama kinachotokea. Umempa mabua, amekula, tumbo limejaa. Vijidudu vinayavamia, lakini havina nitrojeni ya kujijenga, vinazaana polepole, kazi inazorota. Bua ambalo lingekaa tumboni siku moja au mbili linakaa zaidi. Haliwezi kushuka mpaka livunjwe liwe chembe ndogo, na wavunjaji ni wachache na dhaifu. Tumbo limebaki limejaa, na ng'ombe mwenye tumbo lililojaa hali. Unamwona asubuhi amesimama mbele ya hori lenye mabua, hajayagusa, ubavu umetuna, mbavu zinahesabika. Unasema ameshiba. Msikilizaji, ng'ombe huyo ana njaa kali, na dawa yake haiko kwenye kuongeza mabua.

Mpe huyo huyo kilo chache za majani ya lusina au kaliandra, au kilo moja ya mashudu ya alizeti au ya pamba, kila siku. Utaona jambo ambalo kwa hesabu za kawaida halieleweki: anakula mashudu, na mabua aliyokuwa anayakataa anayala pia, tena mengi kuliko jana. Vijidudu vimepata kilichokosekana, vimeongezeka, mabua yanavunjwa na kushuka, nafasi inapatikana. Kila nikitazama jambo hili likitokea bandani mwa mtu naona uchungu kwa ng'ombe wote waliouzwa kwa kuitwa wavivu.

Kaliandra ni mti wa kupandwa mpakani, hauhitaji shamba la peke yake. Utafiti uliofanywa pamoja na wafugaji wa Embu, Kenya, kwenye miinuko inayofanana sana na ya kwetu, ulionyesha kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zinafanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani, na kwamba miti 500 hivi inamtosha ng'ombe mmoja kwa mwaka mzima. Ukiipanda nusu mita kati ya mti na mti, miti 500 ni mstari wa mita 250. Zunguka kihamba chako, hesabu mipaka, kingo za matuta na njia ya kwenda kwa jirani. Wengi mtaipata hiyo mita 250 bila kung'oa hata mche mmoja wa kahawa.

Lusina nayo ni nzuri, lakini ina neno. Ndani yake mna sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe akilishwa lusina nyingi mno kwa muda mrefu manyoya hupukutika, tezi ya shingo huvimba, na anakonda. Wafugaji wa Australia walipata shida hiyo sana. Mtafiti wao mmoja, Raymond Jones, akagundua kwamba kule Hawaii mbuzi wanakula lusina bila kudhurika. Akajiuliza kama siri imo kwenye mbuzi au kwenye vijidudu vya matumbo yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majimaji ya tumbo kutoka kwa mbuzi wa Hawaii yakapelekwa Australia, yakatiwa kwa wanyama walioathirika na lusina, nao wakaweza kuila. Bakteria aliyehusika akatambuliwa, na mwaka 1992 akapewa jina rasmi Synergistes jonesii, kwa heshima ya huyo Jones. Wanyama wale hawakubadilishwa damu wala mbegu. Walipewa wakazi wapya wa tumbo, basi. Kwetu sisi, ambao hatuna majimaji hayo ya kutia, kanuni salama ni lusina isizidi theluthi ya majani yote ya siku.

Niingie sasa kwenye hesabu ya mzigo, na hapa nawaomba akina baba msizime redio.

Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kwa siku chakula chenye uzito wa kilo 12 hivi, maji yakiwa yameondolewa. Mabingobingo machanga ya masika ni maji matupu kwa kiasi kikubwa. Katika kilo 100 unabaki na kilo 15 tu za chakula chenyewe. Piga hesabu: ili apate kilo 12, lazima ale kilo 80 za majani mabichi. Mzigo anaoubeba mama kichwani au mgongoni, akipanda nao kutoka tambarare, ni kilo 25, ukizidi sana 30. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anayelishwa ipasavyo anakula karibu mizigo mitatu kwa siku. Mimi naona nyumba nyingi zinazoleta miwili, na bandani wamo ng'ombe wawili na ndama.

Kwa nini hesabu hiyo ni kali hivyo? Kwa sababu mwili wa ng'ombe una deni la kwanza: kupumua, kusimama, moyo kupiga, joto kubaki pale pale. Kwa ng'ombe wa kilo 400 anayekula zile kilo 12 za majani mazuri, karibu nusu inakwisha kwenye deni hilo. Nusu inayobaki ndiyo inayoweza kuwa maziwa, kiasi cha lita 10 hivi kwa majani peke yake. Sasa chukua chakula hicho hicho, wagawie ng'ombe wawili walio sawa. Kila mmoja anapata kilo 6, na kilo 6 zote zinaishia kulipa deni la kwanza. Maziwa? Karibu hakuna. Kidogo utakachokamua kinatoka mgongoni kwake, kwenye mafuta na nyama ya mwili wake, na utamlipia baadaye atakapokataa kuingia kwenye joto na kushika mimba. Ng'ombe wawili kwa chakula cha mmoja wanatoa pungufu ya yule mmoja. Nimeona watu wakikataa kuamini jambo hili kwa sababu ng'ombe wawili wanapendeza macho na heshima ya boma, lakini hesabu iko wazi, na anayeilipa kwa shingo na kiuno chake ni mama anayepanda mlima na mzigo wa tatu.

Ndiyo maana nasema majani yakatwe machanga. Mzigo wa mabingobingo ya kimo cha mita moja na mzigo wa yale yaliyopita paa la banda unaweza kuwa na uzito ule ule shingoni, lakini ule wa pili una shina gumu ambalo ng'ombe atalitema, nusu ya protini imekwenda, na vijidudu vitahangaika nao. Ni kazi ile ile kwa malipo kidogo. Na yakatwekatwe vipande vya sentimita 2 mpaka 5 kabla ya kutiwa horini, kwa panga au kwa mashine, ili asichague majani na kukanyaga mashina. Mashine ya kukatia majani, hata ile ya kuzungusha kwa mkono, ni ununuzi wa maana kuliko mtamba wa pili.

Pumba. Hapa nitasema kwa uangalifu kwa sababu pumba imekuwa kama jibu la kila kitu. Mfugaji akiona maziwa yamepungua anaongeza pumba za mahindi, na kweli maziwa yanapanda kwa siku kadhaa, kwa kuwa wanga huvunjwa haraka na kuleta ile propioniki. Lakini wanga ukimiminika mwingi kwa mpigo asidi inajaa tumboni kuliko damu inavyoweza kuichukua. Bakteria wanaovunja nyuzinyuzi hawastahimili ukali huo, wanaacha kazi, wengi wanakufa. Mavi yanakuwa ya majimaji yenye povu, ng'ombe anachagua chakula, mafuta ya maziwa yanashuka, na baada ya wiki kadhaa anaanza kuchechemea kwa sababu kwato zimeathirika. Ng'ombe aliyekata kamba usiku akaingia kwenye gunia la mahindi au unga anaweza kufa kwa asidi hiyo hiyo. Chakula cha ziada kinahitajika kwa ng'ombe anayekamuliwa lita nyingi, sikatai, lakini kigawe asubuhi na jioni, kisizidi kilo 2 kwa mara moja kwa ng'ombe wetu wa kawaida, pumba ichanganywe na mashudu na madini, na majani yatangulie. Ukibadilisha chakula chochote, badilisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, maana wakazi wa tumboni wanahitaji muda wa kujipanga upya: wengine wapungue, wengine waongezeke. Mvua za kwanza zikinyesha, watu humtoa ng'ombe kwenye mabua makavu leo, kesho anashindiliwa nyasi mbichi tupu, halafu tunashangaa anaharisha.

Kinga ya asidi Mungu ameiweka mdomoni mwa ng'ombe. Ni mate. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, nayo yana bikaboneti inayotuliza asidi tumboni. Sharti lake ni moja: yanatoka kwa wingi akitafuna. Mtazame akicheua. Utaona donge likipanda shingoni, linaonekana chini ya ngozi likikwea, linafika mdomoni, anatafuna upande mmoja, taratibu, mara 50 mpaka 70, anameza, sekunde chache zinapita, donge lingine linapanda. Anafanya hivyo kwa saa 7 mpaka 9 kila siku, nyingi usiku. Ukihesabu ukakuta anatafuna mara 30 anameza, ujue chakula hakina nyuzinyuzi za kutosha, au umekisaga laini mno. Chakula kilichosagwa kama unga hakimlazimishi kucheua. Asipocheua hakuna mate. Pasipo mate asidi inapanda. Wengi huku huwapa ng'ombe magadi yanayotoka upande wa Ziwa Natron, na kemia yake iko karibu na ya mate, kwa hiyo hawakukosea. Ila kijiko cha magadi hakiwezi kufanya kazi ya saa 8 za kucheua.

Sumukuvu niipitie haraka lakini kwa mkazo. Mahindi yaliyoota ukungu hayawi salama kwa kuwa tu anayekula ni ng'ombe. Sumu ile inageuzwa ndani ya ini lake na sehemu yake inatokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Anayeyanywa ni mtoto wako.

Na maji. Maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia 87. Ng'ombe anahitaji lita 4 au 5 za maji kwa kila lita ya maziwa, juu ya yale ya mwili wake, na vijidudu vinaishi ndani ya maji hayo. Ndoo mbili asubuhi na jioni hazitoshi, hasa kwa aliyekula mabua makavu na pumba. Maji yakae bandani saa zote, na usiku pia, kwa sababu usiku ndiyo saa ya kucheua. Nimeona maziwa yakipanda kwa kuweka pipa lililokatwa likajazwa maji kila jioni, bila kubadilisha kitu kingine.

Nimalizie na kile kinachonisumbua kuliko vyote, kiangazi. Masika, Machi mpaka Mei, majani yanatushinda. Yanazeeka shambani tukiyatazama. Julai na Agosti tunanunua mabua kwa bei ya kuumiza na kuyapandisha kwa gari. Yule Virtanen niliyemtaja alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945, na sehemu kubwa ya heshima hiyo ilikuwa kwa njia yake ya kuhifadhi majani mabichi yasipoteze ubora, kwa sababu kwao theluji inafunika malisho miezi mingi. Sisi tuna jua badala ya theluji, na hali ya hori ni ile ile. Yeye alitumia asidi za maabara. Sisi tunaweza kuwaachia bakteria wenyewe waitengeneze: ni asidi ya laktiki, ile ile iliyomo kwenye mtindi.

Kata mabingobingo yakiwa na kimo cha mita moja, siku isiyo na mvua. Yaache yanyauke mpaka kesho yake maji yapungue. Yakatekate vipande vidogo, sentimita 2 au 3. Nyunyizia molasi iliyoyeyushwa kwa maji, kilo 3 mpaka 5 za molasi kwa kila kilo 100 za majani, kwa sababu mabingobingo yana sukari kidogo na bakteria wa mtindi wanahitaji sukari ya kuanzia. Shindilia kwenye mfuko mzito wa plastiki, au shimo lililotandikwa plastiki, ukikanyaga kila tabaka kwa miguu mpaka hewa yote itoke. Hewa ikibaki utapata ukungu badala ya sileji, yaani majani haya yaliyochachuka vizuri. Funga kabisa, weka mahali panya hawafiki, usifungue kabla ya wiki nne hadi sita. Ikiwa nzuri itakuwa na rangi ya kijani iliyoelekea manjano, harufu chachu ya kupendeza, haishikamani wala haitelezi mkononi. Yenye weusi au ukungu itupe kwenye mbolea. Kila siku toa kiasi cha siku hiyo tu, funga tena upesi. Harufu yake huingia kwenye maziwa, kwa hiyo mpe ng'ombe baada ya kukamua, na ndoo ya maziwa iwe imeshatoka bandani.